Rusha apu kwa amri moja, kisha ushike mat ya ushago

Kuna sheria moja ambayo mafundi wa programu Nairobi wanaijua ingawa hujawahi kuiona imebandikwa ukutani: Ijumaa jioni usiguse seva. Ukipandisha toleo jipya la apu ya mteja Ijumaa saa kumi na moja, wikendi yako ushaiuza. Uko kwa mat, simu inaita. Uko kwa harusi ya binamu, simu inaita. "Bosi, mbona tovuti haifunguki? Wateja wanalia huku." Na laptopu umeiacha kwa keja.

Wasee wengi wamezoea hii hali kama vile tumezoea jam ya Mombasa Road. Lakini ukiangalia vizuri, shida si Ijumaa. Shida ni kwamba hatua zote za kuipeleka apu hewani zinaishi kichwani mwa mtu mmoja, na kufikia Ijumaa jioni hicho kichwa kimechoka. Leo anakumbuka hatua zote 10, kesho anaruka moja, na hiyo moja ndiyo inaleta msiba.

Dawa yake iko, na imekuwepo miaka mingi. Iko kwenye ile skrini nyeusi ya kuandika amri, ile watu huiona kwa filamu za wadukuzi wakadhani ni uchawi. Unaandika hatua zote mara moja kwenye faili, unalipa faili jina, na kuanzia siku hiyo unaandika amri moja tu. Tarakilishi inafanya kazi ileile, kwa mpangilio uleule, iwe Jumanne asubuhi au usiku wa manane.

Kurusha apu ni kufanya nini hasa?

Tuanze chini kabisa ndio tusiachane njiani. Apu unayoiunda inaanza ikiwa kwenye laptopu yako. Hapo hakuna mtu mwingine anaweza kuitumia. Ili mteja aliye Kisumu aifungue kwa simu, lazima ikae kwenye kompyuta ambayo haizimwi na iliyounganishwa na intaneti saa zote. Hiyo ndiyo seva. Kuitoa kwa laptopu na kuiweka pale ikafanya kazi ndiko mafundi huita kudiploi. Hapa tutasema tu kurusha.

Zamani ulinunua seva yako mwenyewe. Siku hizi unakodi. Neno "wingu" linadanganya, kwa sababu hakuna kitu kinaelea popote. Ni majumba makubwa yaliyojaa mashine, waya, feni na majenereta, na wenyewe wanakukodishia kipande kidogo. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini 2019. Amazon ikafuata Cape Town 2020, na Google ikafungua Johannesburg 2024. Kwa hivyo si lazima tena ombi la mteja wako livuke bahari hadi Ulaya na kurudi.

Sasa angalia jinsi wengi bado wanavyorusha. Unabadilisha mipangilio kutoka ya majaribio hadi ya kweli. Unafungua programu ya kuhamisha faili. Unaburura folda. Unangoja. Unaingia kwenye seva, unasakinisha vitu vipya, unarekebisha hifadhidata, unaiwasha upya, halafu unafungua tovuti ukiomba Mungu.

Kila hatua hapo ina mlango wa kuingilia shida. Bando linaisha faili zikiwa asilimia 60. Stima inapotea na ruta inazima nayo. Ukirudi, nusu ya faili kwenye seva ni za leo na nusu ni za mwezi jana, na hujui ni zipi. Hapo sasa mteja anaona ukurasa mweupe, na wewe unaona giza.

Dakika 45 zilizomaliza kampuni

Kama unafikiri hizi ni shida za mafundi wa mtaani, sikiza kilichotokea New York.

Knight Capital ilikuwa kati ya kampuni kubwa zaidi za kununua na kuuza hisa Marekani. Agosti 1, 2012 soko la hisa la New York lilikuwa linaanza mpango mpya, na Knight ilihitaji programu mpya ya kushiriki. Programu hiyo ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Fundi aliiweka kwa mkono. Seva 7 zikapata, ya 8 haikupata.

Hakukuwa na mtu wa pili wa kuangalia kazi yake, na hakukuwa na utaratibu ulioandikwa uliosema lazima awepo. Ile seva ya 8 ilibaki na msimbo wa zamani ulioitwa Power Peg, ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia 2003. Halafu programu mpya ilikuwa imechukua swichi ileile iliyokuwa ikiwasha Power Peg zamani. Kwa hivyo swichi ilipobonyezwa, seva 7 zilifanya kazi mpya, na moja ikamfufua marehemu.

Soko lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Seva ya 8 ikaanza kutuma maagizo ya kununua na kuuza hisa bila kukoma. Katika harakati za kuzima moto, mafundi wakaondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, wakifikiri hapo ndipo ilipo shida. Sasa zote 8 zikawa na msimbo wa zamani, na mambo yakazidi kuharibika. Kufikia dakika ya 45 kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 440.

Kinachouma zaidi ni kwamba hata kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 zikitaja hitilafu ya Power Peg. Hakuna aliyezichukulia kama onyo. Mwaka uliofuata Knight ikaunganishwa na kampuni nyingine, na Oktoba 2013 wasimamizi wa soko la hisa wakaitoza faini ya dola milioni 12.

Huyo fundi hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayerudia kazi ileile mara nane kwa mkono, na binadamu akirudia kitu mara nane anaweza kuruka kimoja. Skripti ya mistari mitatu ingezunguka seva zote 8 na kugoma kuendelea kama moja haijapokea.

Kwa nini skrini nyeusi?

Unaweza kuuliza, si hizo kampuni za wingu zina tovuti nzuri zenye vitufe? Zinazo. Bonyeza hapa, chagua pale, tiki hiki. Kwa mara ya kwanza ni poa, inakusaidia kuelewa. Lakini mbofyo hauhifadhiki. Huwezi kumtumia mwenzako mibofyo yako 14 kwa WhatsApp naye akairudia bila kukosea. Amri ni maandishi tu. Unaweza kuihifadhi, kuituma, kuipitia na mwenzako, na kuona nani aliibadilisha na lini.

Tuchukue mfano wa huduma ya Google inayoitwa Cloud Run, kwa sababu amri zake ni chache. Tuseme una apu ya duka la viatu, imeandikwa kwa Node. Ukishasakinisha programu yao ya amri na kuingia kwa akaunti yako, unasimama kwenye folda ya apu na kuandika:

gcloud run deploy duka --source . --region africa-south1

Hiyo nukta baada ya "source" maana yake ni "folda hii niliyo ndani yake". Africa-south1 ni Johannesburg. Mara ya kwanza itakuuliza maswali machache. Ukishajibu, inachukua msimbo, inaufunga kwenye kontena pamoja na kila kitu apu inachohitaji, inauwasha, na kukupa anwani ya tovuti.

Hiyo ni kurusha. Sasa tuifanye iwe salama. Fungua faili, uiite rusha.sh, uandike:

set -e
npm test
gcloud run deploy duka --source . --region africa-south1 --no-traffic --tag jaribio
curl --fail ANWANI-YA-JARIBIO
gcloud run services update-traffic duka --to-latest --region africa-south1

Mistari mitano. Wa kwanza unasema: hatua yoyote ikifeli, simama hapohapo. Ukiusahau huo, skripti itaendelea mbele hata kama majaribio yamefeli, kama dereva ambaye breki zimekatika. Wa pili unaendesha majaribio ya apu. Wa tatu unapandisha toleo jipya lakini hauwapeleki wateja kwake bado. Linakaa pembeni na anwani yake ya kujaribia. Wa nne unabisha hodi kwenye hiyo anwani, na ukijibiwa na ukurasa wa hitilafu unagoma. Wa tano ndio unawahamisha wateja. Kumbuka tu kwamba mara ya kwanza kabisa unapounda huduma huwezi kutumia ile "no-traffic", kwa sababu bado hakuna toleo la zamani la kubaki nalo.

Na ikiharibika hata baada ya hayo yote? Hapa ndipo utapenda. Matoleo ya zamani hayajafutwa. Unaorodhesha matoleo:

gcloud run revisions list --service duka --region africa-south1

Unachagua lile lililokuwa likifanya kazi jana, kisha unawarudisha wateja kwake:

gcloud run services update-traffic duka --to-revisions=JINA-LA-TOLEO=100 --region africa-south1

Hakuna kuburura folda, hakuna kutafuta nakala ya zamani kwa flashi. Na hiyo amri si lazima uiandike wewe. Mwenzako mwenye ruhusa anaweza kuiandika akiwa Rongai wewe ukiwa ndani ya basi.

Stima na bando

Bado kuna kitu kinakosekana. Ukiendesha skripti kwa laptopu yako, bado unategemea stima na intaneti yako. Ndiyo maana hatua inayofuata ni kuitoa hiyo kazi kwa laptopu kabisa.

Wengi tayari wanahifadhi msimbo GitHub. GitHub ina huduma inayoitwa Actions, ambayo inakupa kompyuta ya muda kila msimbo unapobadilika. Unaweka faili moja ndani ya folda ya .github/workflows, unaiambia: mabadiliko yakifika kwenye tawi kuu, endesha rusha.sh. Basi. Ghala likiwa la wazi kwa umma, huduma hii ni bure.

Angalia maana yake kwa mtu anayenunua bando la siku. Ukiandika "git push", kinachosafiri ni mabadiliko uliyofanya tu. Umebadilisha mistari 20, inatoka mistari 20 na vijazo vyake. Mzigo mzito wa kupakua vifurushi na kujenga kontena unafanyika huko kwenye seva, kwa intaneti yao na stima yao. Kenya Power wakichukua vyao sekunde kumi baadaye, kazi inaendelea. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kazi iliyokwisha kufika GitHub haikuhitaji taa ya mtu yeyote Nairobi.

Amri kali inahitaji kizuizi

Sasa tusidanganyane. Chombo kinachofanya kazi haraka kinaharibu haraka pia.

Februari 28, 2017 mfanyakazi wa Amazon alikuwa anashughulikia tatizo kwenye mfumo wa malipo wa S3, huduma yao ya kuhifadhi faili. Alikuwa na ruhusa, na alifuata mwongozo. Aliandika amri ya kuondoa seva chache, lakini akakosea kipande kimoja, zikaondoka nyingi kuliko alivyotaka. Tovuti na apu nyingi zilizotegemea kituo chao cha Virginia zikayumba kwa takriban saa 4.

Amazon walifanya nini? Walibadilisha chombo chenyewe. Kikawa kinaondoa seva polepole, na kinakataa kabisa kama zitakazobaki zitakuwa chini ya kiwango kinachohitajika. Hilo ndilo somo. Usiseme "nitakuwa makini". Iandike skripti iwe makini kwa niaba yako.

Kwa hivyo kabla ya kujisifu mtandaoni kwamba umeotomatisha kila kitu, angalia mambo matatu.

La kwanza ni siri. Ukiunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom, unapewa funguo za siri. Usiziandike ndani ya msimbo wala ndani ya rusha.sh. Kuna programu zinazozunguka GitHub mchana na usiku zikitafuta funguo za watu. Na ukishaipakia huko, kufuta ule mstari hakusaidii, kwa sababu Git inakumbuka historia yote. Ufunguo ukivuja, ubatilishe na uombe mwingine. Huduma za wingu zina sefu ya siri. Kwa Cloud Run unaongeza kipande kama "--set-secrets" na apu inaupata ufunguo ikiwa inafanya kazi, bila wewe kuuandika popote.

La pili ni doo. Wingu linalipiwa kwa kadi, kwa matumizi, na kwa dola. Weka onyo la bajeti siku ya kwanza. Lakini jua kwamba hilo onyo linakutumia ujumbe tu, halizimi chochote. Weka pia kikomo cha nakala ngapi za apu zinaweza kuwaka kwa pamoja, kwa "--max-instances". Bila kikomo, mtu akiishambulia tovuti yako kwa maombi feki, bili ni yako.

La tatu ni data. Kurudisha toleo la zamani la apu hakurudishi data iliyofutwa. Januari 31, 2017 fundi wa GitLab aliyekuwa akihangaika na hitilafu usiku alifuta faili za hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zinafanya kazi. Waliokolewa na nakala ya takriban saa 6 kabla. Kwa hivyo jaribu kurudisha nakala yako ya akiba kabla hujaihitaji. Na kama unahifadhi majina na namba za simu za Wakenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu, ikiwemo masharti yake kuhusu data inayotoka nje ya nchi. Johannesburg ni nje.

"Nikiiandika, si watanifuta?"

Hapa ndipo mjadala wa kweli uko, na huwa hauzungumzwi sana. Kuna wasee ambao hawataki kuotomatisha kwa makusudi. Hesabu yao ni hii: nikiwa mimi pekee ninayejua jinsi ya kurusha, mteja hawezi kuniacha. Kwa mji ambapo kazi ni ngumu hivi na malipo yanachelewa, naelewa kabisa hiyo hofu.

Lakini angalia unachonunua na unacholipa. Mteja hawezi kukuacha, sawa. Na wewe pia huwezi kuondoka. Huwezi kuugua, huwezi kwenda ushago kuzika, huwezi kuchukua kazi ya pili, kwa sababu kila kitu kinapitia vidole vyako. Halafu mteja si mjinga. Siku atakapogundua biashara yake imeshikwa mateka na laptopu moja, hatakupandishia malipo. Atatafuta mtu mwingine aianze upya.

Kuna sababu nyingine. Novemba 28, 2022 Heroku, huduma ya Marekani iliyofundisha wengi kurusha apu kwa "git push", ilifunga mpango wake wa bure. Miradi mingi ya wanafunzi duniani kote ilihitaji makao mapya. Aliyekuwa ameandika hatua zake kwenye faili alibadilisha mistari michache na kuhamia kwingine. Aliyekuwa na hatua kichwani alianza kukumbuka.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sina cheti cha kumuonyesha mtu. Ninachoweza kumuonyesha mteja ni ghala la msimbo ambalo mtu mwingine yeyote anaweza kulifungua, kusoma faili moja, na kurusha apu yake bila kunipigia simu. Inashangaza, lakini hilo ndilo linafanya waendelee kunipigia. Wanaiamini kazi ambayo wanaweza kuiona. Na maelezo ya haya yote yako wazi mtandaoni, hakuna mlinzi wa geti anayekuuliza kitambulisho cha mwanafunzi.

Ukitaka kuanza, usianze na zana kubwa. Chukua karatasi. Wakati mwingine utakaporusha apu kwa mkono, andika kila hatua unayofanya, hata zile ndogo unazozifanya bila kufikiri. Zile za bila kufikiri ndizo zinazosahaulika, kama ile seva ya 8. Kisha kila wiki geuza hatua mbili za hiyo karatasi ziwe amri. Anza na majaribio, maana skripti isiyopima kitu inakusaidia tu kurusha makosa kwa kasi zaidi. Malizia na amri ya kurudi nyuma, na uijaribu siku ambayo kila kitu kiko sawa.

Ukifika hapo, mpe mwenzako ile faili bila maelezo yoyote. Akifaulu kurusha bila kukuuliza swali, umemaliza. Akikuuliza, usimjibu kwa mdomo. Liandike jibu ndani ya faili.